Sarafu ya Gemu: Uichume au Uinunue?

Swali: mtu anayeanza leo kucheza Old School RuneScape kwenye simu, hapa Dodoma, aipate vipi fedha ya gemu? Wanaojibu ni wanne. MGENI ni mwanafunzi wa chuo aliyejiunga karibuni. MKONGWE alianza kabla gemu haijaletwa kwenye simu mwaka 2018. MFANYABIASHARA ni mama anayenunua na kuuza mahindi Kibaigwa, na nyumbani ana mtoto anayecheza. MHADHIRI anafundisha uchumi.

MGENI: Mimi nataka kununua, na sioni haya kulisema. Nikitoka vipindi jioni nabaki na saa moja, tena ya bando la kupimia. Kuna watu wanauza mamilioni ya sarafu za gemu kwa hela isiyozidi sahani mbili za chipsi mayai. Kwa nini nikeshe Lumbridge nikiua kuku na kuokota manyoya, unyoya mmoja sarafu mbili tatu, mwezi uishe bado nimeshika upanga wa shaba?

MKONGWE: Kwa sababu hizo milioni hujui utazifanyia nini. Mdogo wangu, umaskini wa mwanzo ndio darasa lenyewe. Mtu akitoka Tutorial Island hana kitu cha maana. Anaua kuku, anapata manyoya. Anaua ng'ombe, anapata ngozi. Anachimba madini, anavua samaki. Akifika Stronghold of Security, lile pango la Barbarian Village, anaulizwa maswali ya usalama wa akaunti, na anavyozidi kushuka analipwa sarafu 2,000, kisha 3,000, kisha 5,000. Huo ni mtaji wa 10,000, na maswali yenyewe yanamfundisha asimpe mtu nywila yake. Wewe unataka kuliruka darasa hilo uwakimbilie hao wauza sarafu, tunaowaita wauza dhahabu, ambao kati yao wamo wezi wa nywila.

MGENI: Maswali hayo nimeyajibu, na elfu kumi yangu nimeipata. Iliisha siku ile ile. Kaka, wewe darasa hilo ulilisoma ukiwa na likizo ndefu na kompyuta ya nyumbani. Mimi kila saa ya kuokota manyoya nailipia.

MFANYABIASHARA: Ngoja kwanza, wanangu. Nielezeni hesabu. Kati ya ngozi na manyoya, kipi kinalipa?

MKONGWE: Bei ya ngozi moja ni kubwa mara nyingi kuliko ya unyoya, mama. Lakini begi la mchezaji lina nafasi 28 tu, na kila ngozi inakula nafasi yake. Likijaa, unatembea hadi benki iliyo juu kabisa ya kasri la Lumbridge, unaweka, unarudi. Manyoya yanarundikana yote kwenye nafasi moja, hata yakifika elfu tano. Hutoki bandani.

MFANYABIASHARA: Basi anayetazama bei ya ngozi peke yake amepotea kabla hajaanza. Kibaigwa bei ya gunia shambani haimwambii mtu kitu mpaka ajue lori, ushuru na vibarua wa kupakia. Huyu kijana hajakosa hela. Hajapiga hesabu ya safari.

MGENI: Nimepiga, mama, ndiyo maana nataka kununua. Nikichapa kazi za wenzangu kwa saa moja pale stationari, napata hela ya sarafu ambazo kwa kuokota zingenichukua wiki kadhaa. Na wewe mwenyewe mahindi unayouza hukuyalima. Unanunua kwa aliyelima.

MFANYABIASHARA: Nanunua kwa aliyelima, ndiyo. Wewe unanunua kwa nani?

MKONGWE: Ulizia hapo hapo, mama. Anayeuza dhahabu kwa bei ya chipsi mara nyingi si mchezaji aliyebakiwa na za ziada. Ni mtu mwenye akaunti nyingi zinazoendeshwa na programu. Roboti hizo hazilali wala hazichoki. Zinachimba na kuua ng'ombe usiku kucha. Ngozi zao na ngozi za mgeni zinafika soko moja, Grand Exchange ya Varrock. Zikimwagwa kwa maelfu, bei inaanguka. Hela yako, mdogo wangu, inamlipa yule yule anayemshushia bei mgeni mwenzako.

MHADHIRI: Na kwenye vitu vikubwa bei inapanda. Sarafu za gemu hazitoki benki kuu. Zinazaliwa kila mnyama anapouawa akadondosha sarafu, na kila mchezaji anapotumia uchawi kugeuza kitu kuwa sarafu. Zisipoteketezwa mahali zinajaa, na zikijaa zinapungua thamani. Ndiyo maana gemu ina matundu ya kuzimeza. Kwa miaka mingi mchezaji aliyetoka Lumbridge kwenda Al Kharid alilipa sarafu 10 langoni. Hapa Ugogo tunaijua habari hiyo: katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi wa Wagogo ili ipite na inywe maji. Lakini hongo ilibaki kwa mtemi ikazunguka tena. Sarafu 10 za Al Kharid zilitoweka kabisa. Desemba 2021 Jagex, wenye gemu, waliweka kodi ya asilimia 1 kwa muuzaji wa Grand Exchange, na mwaka 2025 wakaipandisha hadi asilimia 2.

MGENI: Na kodi hiyo inamkamua nani, mwalimu, kama si sisi wageni?

MHADHIRI: Nyinyi ndio mnaoiponyoka. Hesabu ya kodi inashushwa hadi namba kamili, hivyo kitu cha bei ndogo kinakatwa sifuri. Unyoya haulipi. Anayelipa ni anayeuza silaha ya mamilioni.

MFANYABIASHARA: Ushuru wa mazao ungekatwa hivyo, wakulima wadogo wangeshangilia.

MGENI: Sawa. Mnanisema kwa kununua, lakini Jagex wenyewe wanauza. Tangu 2015 kuna bondi. Mtu wa London anainunua kwa pauni, anaipandisha Grand Exchange, na baada ya dakika chache ana mamilioni ambayo hakuyatolea jasho. Huyo si mnunuzi wa sarafu? Mimi na yeye tunatofautiana kwa kadi ya benki tu.

MKONGWE: Mnatofautiana kwa zaidi ya kadi. Bondi haizai sarafu mpya. Inazihamisha tu, kutoka kwa mwenye muda kwenda kwa mwenye hela. Anayeinunua pale sokoni kwa sarafu anaitumia kulipia uanachama wa siku 14. Mimi sina kadi, na sijawahi kulipa uanachama kwa shilingi. Nauza nilichochimba na kuvua, nanunua bondi, naendelea. Bila yule tajiri wa London kuuza bondi yake, mimi ningebaki nje ya geti.

MHADHIRI: Basi jibu na hili. Umetuambia umaskini ni darasa na jasho ni heshima. Lakini jasho lako lina mnunuzi, na mnunuzi huyo ni mtu asiyetaka kutoka jasho. Watu wote wakifuata mahubiri yako, hakuna atakayenunua bondi kwa hela, na wewe utakosa uanachama.

MKONGWE: Sikatai, mwalimu. Nasema tu kwamba mlango huo uko wazi, kila mtu anauona, na hakuna roboti inayonufaika kwa mimi kuupita.

MGENI: Kwa hiyo hoja ya darasa imekufa. Kama fedha bila jasho ni halali ikipitia kwa Jagex na haramu ikipitia kwingine, tunachokilinda ni mapato ya kampuni. Msiyaite maadili.

MFANYABIASHARA: Haijakufa, mwanangu. Wilaya yetu ya Kongwa inaijua vizuri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta pale matrekta na mabulidoza ya kulima karanga. Hela ilikuwepo, tena nyingi. Kufika 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimezama. Ardhi ya Kongwa kiangazi inakauka ikawa kama sakafu, na mvua zetu za msimu mmoja hazisikilizi ratiba ya mtu. Mtaji ulitangulia, ujuzi ukachelewa. Mpe mgeni milioni kumi za gemu leo, atanunua silaha asiyoweza kuishika, aende asikokujua, auawe, apoteze.

MGENI: Mfano mzuri, mama, ila haunibani. Waliopoteza milioni 36 hawakuwa na pa kujifichia. Mimi nikikosea nimepoteza sahani mbili za chipsi. Kukosea kwa bei nafuu nako ni kusoma.

MKONGWE: Si chipsi tu. Kununua dhahabu kwa mlango wa nyuma ni kinyume cha masharti ya gemu, na ukibainika akaunti inafungiwa. Tena adhabu haikuishia kwa wanunuzi. Wauza dhahabu waliwahi kulipia akaunti kwa kadi za benki za wizi, na hasara ikawarudia Jagex. Mwishoni mwa 2007 na Januari 2008 kampuni ikabana biashara huru kati ya wachezaji wa RuneScape ya wakati huo, hata rafiki akawa hawezi kumpa rafiki yake zawadi ya maana. Biashara huru ilirudi Februari 2011. Miaka mitatu watu wote walilipia tamaa ya wachache. Na leo akaunti mpya ya bure inazuiwa kuuza baadhi ya vitu Grand Exchange mpaka itimize saa 20 za kucheza, pointi 10 za kazi maalumu na jumla ya levo 100. Kizuizi unachokilaani kila jioni kimeletwa na wateja wa dhahabu ya magendo.

MGENI: Sikiliza ulichosema. Mgeni mwaminifu anafungwa mikono kwa kosa la roboti. Anakatazwa kuuza alichokichuma kwa mikono yake, halafu anaambiwa achume kwa mikono yake. Saa 20 kwako ni wikiendi mbili. Kwangu ni karibu mwezi mzima wa bando. Sheria hiyo inamsukuma mtu kama mimi kuelekea mlango wa nyuma, halafu inamkamata hapo mlangoni.

MHADHIRI: Hilo lazima lijibiwe, Mkongwe.

MKONGWE: Ninakubali kwamba linauma. Lakini kizuizi hakigusi kila kitu. Vipo vya kuuza tangu siku ya kwanza, na hizo saa 20 unazitumia kupanda levo, hivyo hazipotei. Kizuizi kikiondolewa, siku hiyo hiyo roboti elfu zinaingia na ngozi yako inakuwa bure kabisa. Niambie wewe, utachagua lipi?

MGENI: Nitachagua kuuza badala ya kununua. Ndiyo, nigeuze shilingi. Kama dhahabu ina wateja, nichume usiku, niwauzie, nilipie bando na nauli ya daladala. Hapo jasho ni langu na roboti sina. Kosa langu liko wapi?

MHADHIRI: Wazo hilo si geni. Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova aliuchunguza uchumi wa gemu ya EverQuest, akakadiria kwamba saa moja ya mchezaji ilizalisha thamani ya dola 3.42. Miaka kumi na kitu baadaye, sarafu ya Venezuela ilipoporomoka, watu wa kule waliingia RuneScape kuua majoka ya kijani na kuuza dhahabu waliyopata. Kwao lilikuwa suala la chakula mezani. Wachezaji wa nchi tajiri wengine waliwahurumia, wengine wakawawinda humo humo ndani ya gemu.

MGENI: Umenisaidia, mwalimu. Mvenezuela aliyelisha familia kwa majoka nani atasimama hapa amwite mhalifu?

MHADHIRI: Mimi sitamwita hivyo. Nitakuuliza tu kuhusu ujira wake. Kazi isiyohitaji mtaji wala cheti ikionekana inalipa, watu wanaingia wengi, dhahabu inafurika, bei ya milioni moja inashuka. Wa kwanza walipata, waliofuata walipata kidogo, na wa mwisho walishindana na roboti zisizokula. Ufilipino iliona kubwa zaidi. Mwaka 2021 maelfu walicheza Axie Infinity kwa malipo ya sarafu ya mtandaoni iitwayo SLP. Katikati ya mwaka huo SLP moja ilivuka senti 30 za dola. Kabla 2022 haijaisha ilikuwa chini ya senti moja. Na Machi 2022 wezi walivunja mtandao wa Ronin uliobeba fedha za gemu hiyo, wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600.

MFANYABIASHARA: Hiyo tumeiona hapa kwa jina jingine. DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, iliwaambia watu wapande hela kama mbegu, wavune. Waliotangulia walivuna walichopanda waliochelewa.

MGENI: Msichanganye, jamani. Axie ilimtaka mtu alipe kuingia. RuneScape unaingia bure, na kuku ni bure. Nikikosa mteja nimepoteza usingizi tu.

MKONGWE: Na mteja mwenyewe je? Kuuza nako masharti yanakataza, sawasawa na kununua. Wewe unatoa sarafu kwanza, yeye atume hela baadaye, tena yuko nchi nyingine na malipo yanapitia kwa mtu wa kati anayekata chake. Akikuliza utamshitaki wapi? Pale Grand Exchange wapo wanaosimama mchana kweupe wakitangaza, "Nipe sarafu zako nikurudishie mara mbili." Wewe unayezicheka meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", huko utakuwa mteja wao wa kwanza.

MFANYABIASHARA: Nina swali. Humo ndani hakuna anayefanya kazi kama yangu? Anayenunua bei ikiwa chini akauza ikipanda, bila kuua kuku wala kuvunja sheria?

MKONGWE: Wapo, mama, na wengine ndio matajiri wakubwa. Mchezaji wa bure ana nafasi 3 za kuweka oda Grand Exchange, na mwanachama ana 8. Kila bidhaa ina kikomo cha kununua ndani ya saa nne, ili mtu mmoja asilifunge soko. Unaweka oda ya kununua kwa bei ya chini kidogo, ikitimia unaiweka kuuza kwa bei ya juu kidogo. Na oda inaendelea hata ukizima simu.

MFANYABIASHARA: Umesikia, mwanangu? Hata ukizima simu! Bando lako linaisha, soko linakufanyia kazi. Na mtaji wako wa mwanzo ni ile elfu kumi uliyoimaliza siku moja. Mimi Juni wakulima wakivuna nanunua, Februari ghala zikiwa tupu nauza. Wewe mwezi wako ni saa nne.

MKONGWE: Lakini mama, wachezaji wengi wanauita huo ulanguzi. Mtu hajachimba, hajavua, hajashona. Amekaa katikati anakamua pande zote mbili. Mgeni aliyeuza ngozi zake kwa haraka ndiye aliyempa faida.

MFANYABIASHARA: Ulanguzi neno zito, mwanangu. Mwenye ngozi aliuza kwa haraka kwa sababu aliitaka hela sasa, na mimi niliitoa sasa. Sokoni kwetu mwizi ni yule anayejaza lumbesa ili mkulima auze magunia mawili kwa bei ya moja. Anayesubiri Februari amebeba hatari ya panya, uvundo na bei kuanguka. Humo kwenu kuna lumbesa?

MKONGWE: Hakuna. Ngozi moja ni ngozi moja.

MFANYABIASHARA: Basi soko lenu limeshinda letu kwa hilo.

MGENI: Mama, nimekuelewa, na hesabu yako inaingia akilini kuliko ya kaka. Lakini faida ya mtaji wa elfu kumi ni sarafu mia chache kwa siku. Na hata ikikua, nimekuja kuua majoka. Udalali ningeufanya Majengo sokoni na kulipwa shilingi. Nyote watatu mnanipa kazi. Hakuna aliyeniuliza kama nacheza ili nipumzike.

MHADHIRI: Swali hilo ndilo linalowagawa wachezaji kila mahali. Kwa Mkongwe, kuchuma ndiyo gemu yenyewe, na anayenunua amejinyima alichokifuata. Kwako kuchuma ni foleni ya kufikia gemu, na anayelipa amenunua muda wake. Wote mnaingia sava moja, mnauza soko moja, na bei anayoikuta mmoja imetengenezwa na mwingine.

MKONGWE: Hapo ndipo ninaposimama na sitasogea. Ungekuwa unacheza peke yako kwenye simu yako, ningesema jipe hata bilioni. Lakini kuna mgeni mwingine, labda yuko Singida au Manyoni, anaokota manyoya kama ulivyookota wewe. Ukinunua dhahabu ya roboti, umemlipia mtu wa kumkata ujira huyo. Ukitaka njia ya mkato, nunua bondi.

MGENI: Na mimi nasimama hapa: mtakapoacha kumpima mwenye saa moja kwa kipimo cha mwenye siku nzima, tutazungumza habari za haki. Bondi nitainunua siku nitakayopata kadi. Kabla ya hapo msinitaje kwenye orodha ya wezi.

MFANYABIASHARA: Mimi sina upande wa kuku wala wa dhahabu. Lakini kwa kila anayeanza, awe mwanangu au wa mwenzangu, nina ombi moja. Kwa wiki mbili chukua daftari uandike mambo matatu kila siku: saa ulizocheza, sarafu zilizoingia, na shilingi za bando zilizotoka. Muuzaji wa dhahabu akija na bei yake, mfungulie daftari kabla hujamfungulia mfuko.